Nimeshtakiwa kwa kuendesha gari nikiwa na dawa za daktari mwilini. Cheti changu hakitoshi?

SWALI: Salamu wakili. Mimi ni mama wa miaka 56. Niliugua mkanda wa jeshi, ukapona, lakini maumivu yakabaki ubavuni. Daktari akanipa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Wiki mbili kabla ya tukio akaniongezea pregabalini. Usiku mmoja nilikuwa na mafua makali, nikanunua mwenyewe vidonge vya mafua, nikameza pamoja na vile vya kila siku. Asubuhi nikiwa njiani kwenda kazini gari liliacha njia, likagonga nguzo. Hakuna aliyeumia. Kipimo cha pumzi kilionyesha sifuri, ila nilishindwa kutembea kwenye mstari, nikapelekwa kutolewa damu na mkojo. Nilimwambia askari kwamba nilikuwa nasikia usingizi tangu natoka nyumbani. Sasa nimeshtakiwa kwa kuendesha nikiwa nimeathiriwa na dawa. Cheti cha daktari ninacho. Hakitoshi? Watoto wangu wanasema nikiri tu yaishe. Dawa zote nimeziacha tangu siku ile, kwa woga.

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa ajali na kwa yote yaliyofuata. Umeniuliza mambo ya mahakama, lakini nitaanza na sentensi yako ya mwisho kwa sababu hiyo haiwezi kungoja. Usikae bila dawa zako pasipo daktari kujua. Pregabalini ikikatwa ghafla inaweza kuleta kukosa usingizi, kichefuchefu, jasho, wasiwasi mkubwa, na kwa baadhi ya watu hata degedege. Ndiyo maana maelekezo yake yanataka ipunguzwe taratibu kwa muda usiopungua wiki moja. Amitriptilini nayo ina usumbufu wake ikiachwa kwa mkupuo. Na kama kuna msomaji mwingine hapa aliye katika hali kama yako lakini anatumia dawa za kutuliza kama diazepamu na klonazepamu, au dawa ya kifafa, kwake onyo hili ni zito zaidi, maana kuacha ghafla kunaweza kuhatarisha uhai wake. Mwone daktari leo, mweleze umeacha tangu lini, yeye aamue. Kujinyima dawa hakukusaidii chochote kwenye kesi. Mahakama itaangalia asubuhi moja tu, na asubuhi hiyo imekwisha kupita.

Sasa tuje kwenye cheti. Cheti cha daktari kinathibitisha kwamba ulikuwa na haki ya kuwa na dawa hizo na kuzimeza. Shtaka lako haliulizi hilo. Linauliza kama uliposhika usukani uwezo wako wa kuendesha ulikuwa umepungua kwa sababu ya kilichokuwa mwilini mwako, na mwili hautofautishi kati ya usingizi wa dawa ya dukani, ya hospitali au ya uchochoroni. Sheria za nchi nyingi zimejengwa juu ya wazo hilo. Jimbo la California, Marekani, limeliandika waziwazi katika kifungu cha 23630 cha sheria yake ya magari: kwamba mtu aliruhusiwa kisheria kutumia dawa fulani hakumtetei anaposhtakiwa kwa kuendesha akiwa ameathiriwa nayo. Kwa hiyo ukiingia mahakamani na cheti mkononi ukidhani kesi itafutwa palepale, utaumia moyo bure.

Lakini kusema cheti hakitoshi si kusema hakina kazi. Kazi yake inategemea aina ya kosa uliloshtakiwa, na hapa nakuomba uichukue hati ya mashtaka usome kifungu chenyewe, usiishie kwenye maneno aliyokuambia askari. Kwa ujumla makosa haya yapo ya namna tatu. Namna ya kwanza hudai kuthibitishwa kwamba hukuwa katika hali ya kufaa kuendesha. Namna ya pili huweka kiwango cha dawa kwenye damu, na ukikivuka, kosa limekamilika hata kama uliendesha vizuri. Namna ya tatu ni kali kuliko zote, kwani dawa iliyokatazwa ikionekana tu mwilini, basi. Nchi moja inaweza kuwa na zaidi ya namna moja kwa wakati mmoja. Uingereza ni mfano mzuri. Kifungu cha 4 cha sheria ya barabara ya mwaka 1988 kinahusu dereva asiyefaa kuendesha kwa sababu ya kileo au dawa, halafu kifungu cha 5A, kilichoanza kutumika tarehe 2 Machi 2015, kikaweka viwango: diazepamu mikrogramu 550 kwa lita moja ya damu, morfini 80, methadoni 500, na nyinginezo. Chini ya 5A mtu aliyeandikiwa dawa na akafuata maelekezo ya daktari na ya mtengenezaji ana utetezi uliotajwa na sheria yenyewe, na hapo cheti kinakuwa na nguvu kweli. Chini ya kifungu cha 4 utetezi huo haupo. Amitriptilini na pregabalini hazimo kabisa kwenye orodha ya viwango, kwa hiyo kule mtu mwenye kesi kama yako angeshtakiwa kwa kifungu cha 4, na hoja ingekuwa hali yake siku ile. Nadhani hata kwako ndivyo ilivyo, maana umeandika "nikiwa nimeathiriwa", lakini hakikisha.

Nitakueleza ninavyoiona kesi yako bila kukupaka mafuta. Sidhani kama ushindi wako upo katika kukana kwamba ulikuwa na usingizi. Ulichomeza usiku ule ni dawa tatu, na zote tatu zinaweza kusinziza. Amitriptilini hubaki mwilini muda mrefu: huchukua kati ya saa 10 na 28 hivi kupungua kwa nusu tu. Vidonge vingi vya mafua vina klorofeniramini, na hiyo kwa mtu mzima huhitaji takriban saa 20 kupungua kwa nusu. Ulipoamka, basi, sehemu kubwa ya dawa za usiku ilikuwa bado inafanya kazi. Pregabalini ilikuwa mpya kwako, na wiki za kwanza za dawa ya namna hiyo, au baada ya dozi kuongezwa, ndizo wiki ambazo mwili haujazoea. Tena pregabalini hutolewa na figo karibu yote ikiwa haijabadilika, kwa hiyo mtu ambaye figo zake zimeanza kuchoka hubaki na dawa nyingi mwilini kuliko daktari alivyokusudia. Kama hukuwahi kupimwa figo kabla ya kuanzishiwa, mwombe daktari akupime kreatinini sasa, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Ni muhimu kwa afya yako, na huenda ikawa muhimu kwa utetezi wako pia.

Kesi yako, kwa maoni yangu, itaamuliwa na jambo jingine: ulijua nini, uliambiwa nini, na lini.

Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kesi inayofanana na hii kuliko nyingine yoyote ninayoifahamu. Mshtakiwa, kwa jina la King, alikwenda kung'olewa meno, akachomwa sindano ya pentothali, dawa ya kumlaza mgonjwa. Alipozinduka akaondoka na gari lake, akapoteza fahamu njiani, akagonga gari lililokuwa limeegeshwa. Alikuwa ameonywa asiendeshe mpaka kichwa kitulie, naye akasema onyo hilo hakulisikia. Upande wa mashtaka ulikata rufaa mpaka ngazi ya mwisho ukashindwa. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba anayekunywa kitu kwa hiari huchukuliwa kuwa alijiweka mwenyewe katika hali ile, lakini anaweza kuivunja dhana hiyo akionyesha kwamba hakujua, wala haikutarajiwa ajue, kwamba dawa itampunguzia uwezo. Si kila nchi inakubali utetezi huo. Zipo zinazosema kutojua hakufuti kosa la barabarani. Hata hizo, jaji au hakimu anapopanga adhabu, humtofautisha sana mtu aliyepuuza onyo na mtu ambaye hakupewa onyo lolote. Kwa hiyo popote ulipo, kazi ya kukusanya ushahidi wa nini uliambiwa haipotei.

Na ushahidi huo unapotea haraka, mama. Maboksi na karatasi za ndani za dawa zote tatu, hasa ile ya mafua, usitupe hata kimoja. Hesabu vidonge vilivyobaki na uvipige picha pamoja na lebo ya maelekezo, kwa sababu idadi ikilingana na tarehe ulizoanza, ni uthibitisho kwamba hukuzidisha dozi. Angalia kama boksi lina onyo la kuendesha. Ufaransa, kwa mfano, dawa huchapwa alama ya gari kwa rangi tatu, njano, chungwa na nyekundu, kulingana na ukubwa wa hatari. Palipo na alama kama hiyo ni vigumu kusema hukujua. Palipo na lebo ya mkono iliyoandikwa tu "1x2 baada ya chakula", hali ni tofauti. Tafuta risiti ya dawa ya mafua. Jiulize kama muuzaji alikuuliza unatumia dawa gani nyingine. Jiulize pia daktari alisema nini siku alipoongeza pregabalini, nani alikuwa nawe chumbani, na kama kuna chochote kiliandikwa kwenye kadi yako. Kama barabara ile ina kamera, au magari na majengo ya jirani yana kamera, wakili wako aombe picha hizo mara moja, kwani mitambo mingi hufuta rekodi za zamani kupisha mpya.

Kisha kaa chini uandike saa kwa saa, kuanzia mchana wa siku iliyotangulia: ulikula saa ngapi, ulimeza nini saa ngapi, ulilala saa ngapi, maumivu au mafua yalikuamsha mara ngapi, uliamka ukijisikiaje. Juu ya karatasi andika kwamba ni maelezo kwa wakili wako. Mawasiliano kati yako na wakili yanalindwa na sheria katika nchi nyingi. Ujumbe wa simu kwa watoto, dada na marafiki haulindwi, na unaweza kusomwa mahakamani. Usiandike habari hizi kwenye makundi ya familia.

Sentensi uliyomwambia askari ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko damu na mkojo. "Nilikuwa nasikia usingizi tangu natoka nyumbani" inaweza kusomwa kama kukiri kwamba ulijua hali yako na bado ukaendelea. Hata utetezi wa namna ya ile kesi ya Kanada hudhoofika hapo, kwani mtu asiyejua dawa itamfanya nini akianza kusikia dalili, sheria inatarajia aegeshe. Sikushauri hata kidogo kuikana kama ni kweli uliisema. Ninachotaka ni maneno yako kamili. Uliulizwa nini hasa? Ulisema "usingizi" au "uchovu"? Ulikuwa umetoka kugonga nguzo dakika ngapi zilizopita, na kichwa kiliumia? Uliambiwa kabla ya kuulizwa kwamba una haki ya kukaa kimya na kwamba maneno yako yanaweza kutumika? Yaliandikwa, ukasaini, ukasomewa kabla ya kusaini? Mafua yenyewe huchosha, na mtu aliyekesha na maumivu ya mkanda wa jeshi huamka amechoka hata kama hakumeza chochote. Hayo ni maelezo ya kweli kama yalikuwa kweli, na wakili anaweza kuyaweka mbele ya mahakama. Kuanzia sasa, mtu yeyote wa upande wa pili akikuuliza, mjibu kwa heshima kwamba utazungumza wakili wako akiwepo.

Kipimo cha kutembea kwenye mstari nacho tukitazame. Vipimo vya barabarani vinavyotumika sana, yaani hatua tisa kisigino kwa kidole, kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, na kufuatilia kidole kwa macho, vilitengenezwa Marekani na kupimwa ubora wake kwa ajili ya pombe. Mwongozo wao wenyewe unakubali kwamba watu wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani, na wazee wa zaidi ya miaka 65, wanaweza kushindwa bila kuwa wamelewa. Wewe una maumivu ya ubavuni na ulikuwa umetoka kwenye ajali. Ulivaa viatu gani? Ardhi ilikuwa tambarare? Ulimweleza askari kuhusu maumivu, naye akaandika? Kama una rekodi ya hospitali kuhusu goti, mgongo au kizunguzungu, hiyo ni ya kuwekwa kwenye jalada. Macho pia, kwani baadhi ya dawa za kifafa, fenitoini kwa mfano, huweza kuyafanya yacheze hata kwa dozi ya kawaida ya matibabu.

Kwenye maabara kuna mengi ya kuuliza, na wakili wako asione haya kuuliza yote. Mkojo unaonyesha tu kwamba dawa ilipita mwilini, wakati mwingine siku kadhaa nyuma. Hausemi ulikuwa katika hali gani saa ile. Damu inakaribia zaidi, lakini hata yenyewe haifanyi kazi kama kipimo cha pombe. Kiasi kilekile cha dawa kinaweza kumlaza mtu mpya na kumwacha mzima mtu aliyeitumia miaka mingi. Muulizeni mkemia damu ilichukuliwa saa ngapi baada ya gari kugonga, na nani alishika sampuli kutoka sindano mpaka mashine, kwa majina na saini. Muulizeni pia kama kichupa kilikuwa na kihifadhi, kama kuna sehemu ya sampuli iliyobaki ili ipimwe na mtaalamu wenu, na kipimo kilikuwa cha aina gani. Vipimo vya haraka vya kuchuja hukosea kwa namna zinazojulikana. Sertralini, dawa ya sonona, imewahi kuonekana kama dawa ya kundi la diazepamu, na promethazini, dawa ya mzio, ikaonekana kama amfetamini. Ndiyo sababu jibu la kuchuja linatakiwa kuthibitishwa na mashine inayotambua molekuli yenyewe, ile inayoitwa spektrometa ya masi. Na hata matokeo sahihi yanaweza kusomwa vibaya. Mtu aliyemeza diazepamu peke yake huonekana na temazepamu na oksazepamu, kwa sababu ini huzitengeneza kutoka humo, na aliyemeza kodeini huonekana na morfini. Asiyejua atasema alimeza vitu vitatu. Kwako wewe kuna jambo la upande mwingine: vipimo vingi vya haraka haviitafuti pregabalini kabisa, kwa hiyo jibu lisiloitaja lisikupe matumaini ya bure.

Barua ya daktari inahitaji uangalifu. Wengi hukimbilia hospitali siku ya pili kuomba barua ya kuwaokoa. Daktari mwaminifu ataandika alichokifanya, na kama kwenye kumbukumbu zake kuna mstari unaosema alikuonya usiendeshe, barua hiyo itakuwa shahidi mzuri wa upande wa mashtaka. Tibiwa naye kama kawaida, usimfiche kitu, lakini ombi la maelezo ya kisheria lipitie kwa wakili, baada ya yeye kuona faili lako. Usimwombe abadilishe au aongeze chochote. Hilo ni kosa jipya, kubwa kuliko hili.

Kuna hoja moja zaidi ambayo daktari au mfamasia anaweza kuisaidia mahakama kuielewa, nayo ni kwamba athari ya asubuhi si jambo ambalo mgonjwa hulitambua daima. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi inayopendekezwa ya zolpidemu, dawa ya usingizi, ipunguzwe kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, baada ya kuonekana kwamba saa nane baada ya kuimeza takriban asilimia 15 ya wanawake bado walikuwa na kiasi cha kuharibu uendeshaji, ukilinganisha na asilimia 3 ya wanaume. Mamlaka hiyo ilionya kwamba mtu anaweza kujisikia yu macho kabisa na bado akawa ameathirika. Dawa zako ni nyingine, lakini ushahidi wa aina hiyo huondoa dhana kwamba kila aliyeathirika alijua.

Kuhusu ushauri wa watoto, nawaelewa, wanataka mama yao alale usingizi. Usikiri siku ya kwanza. Kosa la aina hii halikomi kwa faini. Linaweza kukufungia leseni kwa muda mrefu (Uingereza, anayetiwa hatiani kwa kifungu cha 4 hufungiwa angalau miezi 12), kubaki kwenye rekodi yako, kupandisha bima, na kwa baadhi ya kazi kukuondolea ajira. Kifungo huwezekana kisheria katika nchi nyingi. Kwa mtu asiye na kosa la nyuma, ajali isiyomjeruhi mtu, dawa halali na dozi isiyozidishwa, wakili ana mengi ya kusema dhidi ya kifungo hicho. Ombeni kwanza mpewe ushahidi wote wa upande wa mashtaka: maelezo ya askari, ripoti ya maabara, picha. Baada ya kuusoma, inawezekana kabisa kwamba ushauri mzuri utakuwa kukiri, au kuzungumza na waendesha mashtaka juu ya kosa dogo zaidi kama uendeshaji usio wa uangalifu. Kukiri kwa kujua ni uamuzi wako na nitauheshimu. Kukiri kwa aibu kabla ya kuona karatasi hata moja, hapana. Kama huna uwezo wa kulipa, uliza mahakamani kuhusu msaada wa kisheria kabla ya tarehe ya kutajwa kesi, si siku yenyewe.

Bima yako wape taarifa ya ajali kwa muda uliowekwa kwenye mkataba, kweli tupu na kwa ufupi, wakili akiwa ameisoma kwanza.

Umeniachia swali ambalo hukuliandika: unaweza kuendesha tena wakati kesi inaendelea? Kama leseni yako imezuiliwa au dhamana ina sharti la kutoendesha, jibu ni hapana, na kulivunja kutaiharibu kesi yote. Kama hakuna sharti, bado usiendeshe mpaka daktari amekupangia dawa upya, mkakubaliana kwa maandishi lini ni salama, na siku kadhaa zimepita kwenye dozi hiyo bila kusinzia mchana. Muulize kama pregabalini inaweza kupunguzwa, na kama amitriptilini inaweza kumezwa mapema zaidi jioni. Dawa ya mafua, kikohozi au mzio usinunue tena bila kumwonyesha mfamasia orodha ya unazotumia. Mpe wakili wako nakala ya mpango huo mpya, maana hakimu atataka kuuona hata kama utashindwa kesi.